Msamaha wa matibabu kwa wazee na kaya maskini: nani anaulipia?

Mkulima wa Ufuta (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Naomba tujadili kwa utulivu jambo ambalo limenikaa moyoni tangu msimu uliopita wa mavuno, nalo ni msamaha wa matibabu ambao sera za nchi yetu, Tanzania, zinawapa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, pamoja na watu wengine ambao kwa hali zao hawawezi kuchangia gharama. Wengi wetu tunaufahamu msamaha huu kwa sababu tumeyaona maandishi yake ukutani, juu ya dirisha la wazee. Ninachotaka tukitazame ni safari ya mgonjwa mmoja kutoka kwenye maandishi hayo hadi kwenye dawa.

Mama yangu mdogo ana kisukari na shinikizo la damu. Anaishi kijijini, peke yake na wajukuu wawili, na kutoka hapo hadi hospitali ni mwendo wa saa moja na nusu kwa bodaboda. Nauli ni 10,000 kwenda na 10,000 kurudi, fedha ambayo huipata kwa kuuza kuku au kwa kukopa dukani kwa ahadi ya ufuta. Mwaka wake wa kuzaliwa haujui, ila anakumbuka vizuri kwamba bendera ya uhuru ilipopandishwa Desemba 1961 yeye alikuwa mtoto anayechota maji kwa kibuyu chake kidogo. Mwandikishaji aliyejaza fomu zake miaka mingi iliyopita aliandika kwamba alizaliwa 1969. Kwa mujibu wa karatasi, basi, alizaliwa miaka minane baada ya bendera aliyoiona kwa macho yake.

Siku ya kwanza tulipofika, dada wa mapokezi alimwangalia mama mdogo, akaangalia kitambulisho, akasema kwa upole kabisa kwamba mama huyu bado hajafikisha umri. Tukaelekezwa kwa afisa ustawi wa jamii. Afisa alitusikiliza vizuri, lakini alihitaji barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha kwamba mgonjwa hana uwezo, iwe na picha yake na mhuri juu ya picha. Tukarudi nyumbani bila kupimwa. Mtendaji alikuwa kwenye kikao wilayani kwa siku tatu, na aliporejea, kabla ya kuandika barua alimuuliza mama mdogo kama amemaliza mchango wa ujenzi wa madarasa. Hakuwa amemaliza. Ilibidi nimlipie kwanza mchango huo ndipo aandikiwe barua ya kuthibitisha kwamba hana uwezo wa kulipa.

Safari ya pili barua ilikataliwa kwa sababu mhuri haukuigusa picha. Safari ya tatu akapokelewa, akaonana na daktari bila malipo, akapimwa sukari bila malipo, akaandikiwa dawa za mwezi mmoja. Dirishani tukaambiwa ile ya presha haipo, tukanunue nje. Tukanunua nje.

Jioni ile nilikaa nikapiga hesabu. Nauli ya safari tatu ni 60,000 kwa mgonjwa peke yake, bila kunihesabu mimi niliyemsindikiza. Fedha aliyosamehewa, ukijumlisha kumwona daktari, kipimo na dawa ile moja iliyokuwapo, haikufika 15,000. Nilitamani nimwambie asingehangaika na msamaha, alipe tu kama watu wengine, lakini mwenyewe akanijibu kwamba ile ni haki yake na barua ameipata kwa jasho.

Silaumu mtu mmoja mmoja kati ya hao waliotuhudumia, kwa kuwa kila mmoja alifuata utaratibu alioelekezwa. Swali langu kwenu, hasa wale mnaofanya kazi katika vituo vya afya, ni hili: kwa nini haki iliyoandikwa waziwazi inakuwa ngumu kiasi hiki kumfikia mwenye haki?

Mfawidhi wa Zahanati

Ndugu mleta mada, pole sana kwa wewe na mama. Nimekuwa mganga mfawidhi wa zahanati ya kijijini kwa miaka kadhaa na nitajaribu kukueleza jambo ambalo mgonjwa halioni kwa sababu limo ndani ya daftari letu la mapato na matumizi.

Uchangiaji wa gharama ulipoanzishwa mwaka 1993, misamaha iliwekwa pamoja nao ili sera isije ikamfukuza asiye na kitu. Nia ilikuwa njema na mpaka leo naiunga mkono. Kilichokosekana ni jibu la swali dogo: mgonjwa aliyesamehewa ametumia kipimo, glovu, sindano na dawa, ni nani anayevirudisha vitu hivyo stoo? Mtu mwenye bima akitibiwa kwangu, naandaa madai na kituo kinalipwa. Anayelipa taslimu ananiachia fedha ambayo kwayo naagiza dawa na kumlipa mlinzi na mfanya usafi. Anayekuja kwa msamaha, mfumo unaonyesha thamani ya alichotumia, halafu kwenye upande wa malipo unaandika sifuri, na hadithi yake inaishia hapo. Hakuna mahali ninapopeleka madai.

Ni kweli kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kupitia halmashauri, na mabadiliko hayo yametusaidia sana, kwa kuwa sasa kamati ya kituo inakaa, inapanga na inanunua bila kungoja mtu wa wilayani. Lakini fedha hiyo haipangwi kwa kufuata idadi ya waliosamehewa niliowahudumia mwezi huo. Ukikumbuka kwamba katika zahanati kama yangu wagonjwa wengi ni watoto wadogo na wajawazito, ambao wote ni wa msamaha, utaona kwamba kituo kinachotekeleza sera kwa uaminifu ndicho kinachomaliza dawa mapema zaidi.

Hapo ndipo vizingiti ulivyokutana navyo vinapozaliwa. Hakuna mkuu wa kituo atakayeandika waraka wa kuwazuia wazee. Ila kituo kinachopoteza fedha kwa kila anayesamehewa, taratibu kitaanza kudai picha, kisha mhuri, kisha mhuri unaogusa picha. Kila sharti lina sababu yake likitazamwa peke yake, lakini yote yanamwelemea mtu yule yule. Naandika haya kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kumrudisha mzee mmoja akalete barua, na hakurudi tena.

Kijana wa Kariakoo

Nimewasoma kwa makini na ninawaonea huruma wagonjwa, lakini naomba tuutazame upande mwingine wa jambo hili. Nimeshuhudia mzee mwenye nyumba mbili za kupangisha akitibiwa bila malipo kwa sababu tu ana mvi, huku mama lishe wa miaka 40 aliye nyuma yake kwenye foleni akilipia kila kitu. Tukilegeza uhakiki, wajanja ndio watakaofaidi, kwa kuwa wao ndio wenye watu wa kuwaandikia barua, na fedha kidogo iliyopo itaishia kwa wasiostahili. Mimi naona masharti yabaki, ila watendaji wasimamiwe ili barua zitoke kwa wakati.

Mkulima wa Ufuta

Kijana wa Kariakoo, hoja yako ni ya haki na sitaki kuipuuza. Nakuomba tu uzingatie kwamba yapo makosa mawili yanayoweza kutokea dirishani, nalo moja linaonekana na jingine halionekani. Kosa la kumsamehe mwenye nyumba mbili unaliona, unalisimulia, na mkaguzi akija analiandika. Kosa la kumrudisha asiye na kitu halimo kwenye daftari lolote, kwa sababu aliyerudishwa amekwenda kulala kwake. Yule mzee wa ndugu yetu Mfawidhi hakuhesabiwa popote. Mtu anayepima ukubwa wa tatizo kwa kutazama madaftari ataona wajanja tu, ataongeza sharti jingine, na sharti hilo halitamgusa mjanja kwa sababu, kama ulivyosema mwenyewe, yeye ana watu wa kumwandikia.

Tena uhakiki wenyewe una gharama, na kwa utaratibu wa sasa gharama hiyo ameachiwa mgonjwa. Ni yeye anayepanda bodaboda, anayepiga picha, anayemsubiri mtendaji, anayelipa michango iliyolimbikizwa. Yaani kadiri mtu alivyo maskini na anavyokaa mbali, ndivyo kuuthibitisha umaskini wake kunavyomgharimu zaidi.

Kinachonisumbua kuliko yote ni kwamba kazi hii ya kumtambua asiye na uwezo imekwisha kufanyika. Mama yangu mdogo ni mlengwa wa TASAF, mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini ruzuku ya fedha. Mpango wa kunusuru kaya maskini, ambao umezifikia kaya zaidi ya milioni moja nchini, haukumchagua kwa siri. Mkutano wa kijiji uliitishwa, majina yakatajwa mbele ya watu wote, wakaja watu kumhoji juu ya paa la nyumba, mlo na mifugo, kisha orodha ikarudishwa mkutanoni ili wanakijiji waikubali au waikatae. Alipita katika yote hayo. Kuna masharti pia, kwamba watoto waende shule na wadogo wapelekwe kliniki, na wajukuu wake wameyatimiza. Serikali inamtambua kuwa maskini siku ya malipo, halafu akifika hospitali anaambiwa aanze upya kujieleza. Kwa nini jina lililoko kwenye orodha ile lisitoshe?

Kuhusu mama lishe wa miaka 40, nakubaliana nawe kabisa. Yeye hayumo katika kundi lolote la msamaha na mara nyingi hana bima. Alikuwa na nafasi katika CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo kaya ya watu wasiozidi sita ilichangia 30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi, lakini yeyote aliyewahi kufika na kadi ile kwenye dirisha lisilo na dawa anajua kwa nini watu wengi hawakuirudia mwaka wa pili.

Bint Makunduchi

Assalamu alaykum. Nachangia kutoka Unguja, kwa sababu huku kwetu tuna jambo moja ambalo linafanana na haya na pengine lina mafunzo yake. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inatoa Pensheni Jamii kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, awe tajiri au maskini. Ilianza kwa 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Mzee anathibitisha umri na ukaazi wake kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wake, basi. Haulizwi ana mbuzi wangapi.

Bibi yangu alikuwa mkaidi sana katika kuomba. Angelala na maumivu wiki nzima kuliko kwenda kusema mbele ya watu kwamba hana. Lakini pensheni aliipokea bila kuinamisha kichwa, kwa kuwa jirani yake mwenye duka naye aliipokea siku ile ile, katika foleni ile ile. Hili la aibu, ndugu zangu, tunalitaja kidogo mno tunapozungumza juu ya huduma. Kumtaka mtu mzima asimame kwenye korido, mbele ya wakwe na majirani, aeleze kwa sauti kwamba watoto wake hawamsaidii, ni kumtaka alipe kwa kitu ambacho kwake kina thamani kuliko fedha. Wapo wanaokataa kulipa kwa namna hiyo, na wanakufa nyumbani.

Sisemi mambo yetu yamekamilika. Suala la umri usioandikwa vizuri lipo na huku pia, hasa kwa wanawake waliozaliwa shamba.

Mwana wa Kilifi

Hamjambo wenzetu wa upande wa pili wa mpaka wa Lungalunga. Niruhusuni niwaeleze yanayotukuta Kenya, maana nyinyi mnaelekea bima kwa wote na sisi tumeshaingia. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wetu wa zamani wa bima ya afya, tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anaulizwa maswali mengi kuhusu nyumba anayolala, mifugo na matumizi ya kaya yake, kisha mfumo unamkadiria kiwango, ambacho hakipungui shilingi 300 kwa mwezi.

Shida ya kwanza ni kwamba sisi tusio na mshahara tulitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu wa bara anaweza kuuza ng'ombe. Mvuvi wa huku kwetu atauza nini wakati wa kusi, bahari imechafuka na ngalawa ziko ufuoni? Kaskazi ikirudi anazo fedha, lakini deni la dukani limemtangulia. Kiwango ni kidogo ukikitazama kwa mwezi, ila kipato cha mvuvi hakiji kwa mwezi.

Shida ya pili ni hayo makadirio. Nyumba ya mawe iliyorithiwa kwa babu inamfanya mjane aonekane ana uwezo, ilhali ndani yake hakuna unga. Naongeza hata hivyo jambo moja jema, kwamba huduma za msingi katika vituo vya ngazi ya 2 na 3, yaani zahanati na vituo vya afya, zimewekewa mfuko wake unaotokana na kodi, na mgonjwa aliyesajiliwa hatakiwi kuwa amechangia kwanza. Hilo, likifadhiliwa ipasavyo, litawasaidia wanyonge kuliko kadi.

Mfawidhi wa Zahanati

Hoja ya Mwana wa Kilifi imenigusa, kwa sababu Sheria yetu ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, na imetaja vyanzo vyake, ikiwamo sehemu ya ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, vileo na vipodozi. Mfuko huo ukijazwa kweli, kwa mara ya kwanza yule mgonjwa wa sifuri atakuwa na mahali pa kupelekewa madai, na kituo hakitakuwa tena na sababu ya kumkwepa. Ninaushikilia sana mfuko huo, kuliko kifungu kingine chochote cha sheria hiyo.

Nina jambo jingine ambalo liko ndani ya uwezo wetu hata kabla ya mfuko. Mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hali yake ikiwa imetulia, anapewa dawa za miezi mitatu hadi sita kwa pamoja. Utaratibu huo uliwekwa kwa sababu tulitambua kwamba safari za kila mwezi zinawachosha watu hadi wanaacha dawa. Mgonjwa wa kisukari au presha aliyetulia bado anapewa za mwezi mmoja, tena kwa kawaida hospitalini, si zahanati. Mama mdogo wa mleta mada angeweza kupimwa sukari na presha hapa kijijini na akaenda hospitali mara mbili kwa mwaka. Tunachohitaji ni vijiti vya kupimia sukari visivyokatika na dawa tatu au nne za bei nafuu.

Mkulima wa Ufuta

Nawashukuru nyote. Nimejifunza kwamba nilikuwa nauliza swali langu kwa mtu asiye sahihi. Nilidhani tatizo ni moyo wa mhudumu, kumbe lipo katika daftari ambalo msamaha umeandikwa upande mmoja tu. Bint Makunduchi, yale uliyoyasema kuhusu bibi yako nilimsomea mama mdogo kwa simu. Alikaa kimya kidogo, kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza: siku ile ya kwanza hospitalini aliinamisha uso muda wote kwa sababu mwanamke aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni alikuwa mama mkwe wa binti yake.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda mahakamani kuapa juu ya umri wake. Wazee wawili waliocheza naye utotoni walikuja kutoa ushahidi, mmoja akitembea kwa mkongojo, na hati ya kiapo sasa inasema 1955. Bado kitambulisho chenyewe hakijarekebishwa, na nimeambiwa kwamba hilo lina safari zake.

Nilichokifanya baada ya kumsoma Mfawidhi ni kumwomba mjumbe wetu kwenye kamati ya zahanati aulize, katika kikao kijacho, mambo mawili: kama vijiti vya kupimia sukari vinaweza kuingizwa kwenye mpango wa manunuzi wa robo mwaka, na kama orodha ya walengwa wa TASAF wa kijiji chetu inaweza kuwekwa ofisini kwa mfawidhi, bila kubandikwa ukutani, ili jina la mtu litoshe bila barua. La kwanza amelikubali. La pili amesema atalipeleka kwa mtendaji. Kadi ya mama mdogo inaonyesha arudi hospitali Jumanne ya wiki ijayo, na safari hii tunakwenda na kitambulisho, barua na kiapo, vyote ndani ya mfuko mmoja wa nailoni, kwa sababu hatujui watataka kipi. Nitarudi hapa kueleza ilivyokuwa.